Vipande Vitano vya Kumkomesha Shemeji

Jumatatu, 8 Septemba

Televisheni ya kibandani imekufa sauti. Picha safi, sauti inakoroma tu. Jana wateja walimtazama mwamuzi akifokewa bila kusikia anafokewa nini, wakachoka, wakavuka barabara kwenda kwa Marko. Marko! Ndugu wa tumbo moja na mke wangu, kafungua kibanda cha mpira mkabala na changu, hapa hapa Shelui, na bado ananiita shemeji huku akitabasamu. Juzi juzi kanunua risiva ya hom thieta. Dude moja, spika ndogo ndogo kila kona. Watu wanasema ukikaa kwake unawasikia mashabiki mgongoni.

Mke wangu, Mama Eliana, katoa tamko. Jumamosi ni mechi ya watani wa jadi. Kibanda kisipojaa, Jumapili kuku wake wanahamia humo. Banda lao limekuwa dogo, na madereva wa malori wanaulizia kuku kila siku. Nikamwambia mimi ni mtu wa burudani, si mfugaji. Akasema sawa, akaendelea kuyapima mabenchi yangu kwa macho.

Jumanne, 9 Septemba

Singida mjini, dukani kwa Mzee Chhotalal. Shikamoo, marahaba, nikaeleza shida yangu. Kosa! Mzee na mwanawe Hardik wakaanza kubishana mbele yangu. Hardik anasema chukua risiva: kila kitu kimo ndani, unachomeka, unasikiliza, umemaliza. Mzee anasema risiva ikiungua umekosa vyote. Bora vipande: amplifaya peke yake, ikolaiza ya kurekebisha sauti peke yake, redio peke yake, na spika mbili kubwa za kusimama. Kimoja kikifa unatengeneza hicho hicho. Wote wawili waliongea maneno ya maana, nikazidi kuchanganyikiwa.

Nikauliza swali la kitaalamu: Marko alichukua nini? Risiva, akasema Hardik. Basi, shauri likaisha. Marko ana dude moja, mimi nitakuwa na vipande vitano!

Hardik akaniuliza kama nahitaji waya wa kutoa sauti kwenye king'amuzi. Nikacheka. Nikamwambia nyaya ninazo tele nyumbani.

Nimerudi kwa basi. Pikipiki imebaki mjini, kwa mwenyewe mpya. Mama Eliana hajaiulizia bado.

Alhamisi, 11 Septemba

Nyaya za nyumbani ni za kuanikia nguo. Sikujua tofauti ni kubwa hivyo. Redio na amplifaya vimeelewana, lakini king'amuzi kimegoma kabisa. Nimeshinda chini ya meza. Marko akaja kumsalimia dada yake, akachungulia, akasema shemeji, njoo kwangu nikuonyeshe zinavyounganishwa. Nikaombe msaada kwa adui? Nikamwambia hivi ni vyombo vya watu wanaojua.

Halafu wazo likanijia, papo hapo chini ya meza. Sauti ya king'amuzi ya nini? Watu wa hapa wanampenda mtangazaji wa redio. Jamaa anaweza kuitia chumvi pasi ya kawaida mpaka ukasimama. Picha kwenye televisheni, sauti kwenye redio! Nimeandika ubao kwa chaki na kuuweka barabarani, umwelekee Marko.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimejaribu spika. Balaa! Vumbi limedondoka kwenye bati. Kuku wa Mama Eliana wametimka hadi kwenye alizeti za jirani, na mpaka jioni alikuwa anawaita. Kaulizia pikipiki. Nimesema iko kwa fundi. Fundi naye ni binadamu, anaweza kununua pikipiki.

Jumamosi, 13 Septemba

Kibanda kilijaa! Mabenchi hayakutosha, watu wakakalia ndoo. Mama Eliana alisimama mlangoni, nikampungia mkono kama bwana harusi. Mtangazaji ananguruma, kuta zinatetemeka. Hata Sostenes wa bodaboda, ambaye hasifu kitu, akasema hii ndiyo sauti.

Mara mtangazaji akapasua: goooli! Kwenye televisheni kipa anafunga kamba za viatu. Watu wakatazamana. Wakangoja. Mpira ukaja taratibu, ukaingia wavuni, hakuna aliyeshangilia. Kumbe redio inatangulia, picha inafuata nyuma ikichechemea! Sostenes akasema hii ni sawa na kusimuliwa mwisho wa sinema ukiwa bado mlangoni. Nikawashauri wazibe masikio mpira ukikaribia goli. Ushauri haukupokelewa vizuri.

Wakatoka. Hawakwenda mbali, maana spika zangu zilisikika nje vizuri kuliko ndani. Wakakaa barabarani kusikiliza redio yangu, bure kabisa. Sauti ikafika kwa Marko, na kule nako wakalijua goli la pili kabla ya kuliona. Wateja wake nao wakatoka, wakaungana na wangu. Mama Eliana alikuwa ameshawasha jiko. Kuku wa kuchoma waliisha kabla ya mapumziko.

Marko akaja kuniomba nipunguze sauti. Nikakataa. Akaona mabenchi yako matupu, akakaa. Kipindi cha pili tulikitazama mimi na yeye tu. Niliumia sana. Kibanda hiki nilikijenga kwa mikono yangu, na Eliana alijifunza kutembea kwa kushika mabenchi haya.

Jumapili, 14 Septemba

Kuku wamehamia. Mama Eliana hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu nibakize benchi moja la kukalia.

Nimetafakari sana wakati wa mahubiri. Kosa si langu, ni la vipande. Baada ya ibada nikamfuata Marko, tukabadilishana: vipande vyangu vitano kwa risiva yake. Alikubali upesi. Maskini, hajui biashara! Nimefunga spika ndogo kila kona ya banda. Kuku akiimbiwa kutoka pande zote, lazima atage mara mbili. Mke anapata mayai, mimi napata muziki.

Jioni. Kuku hawakuingia kulala. Walisimama mlangoni, wakasikiliza kidogo, wakavuka barabara mmoja mmoja hadi kwa Marko. Kwake kuko kimya, kwa sababu vipande vimemshinda kuunganisha na king'amuzi. Wamelala juu ya mabenchi yake. Mama Eliana kaenda kuwachukua, kakaribishwa chai, na namsikia akimweleza kaka yake habari za pikipiki. Sijui kamjua fundi kwa njia gani.

Mimi nimebaki na risiva, na sasa nimeelewa kila kitu. Kuku hawapendi risiva. Kesho asubuhi namrudishia Marko dude lake, anipe vipande vyangu, nivifunge upya humu bandani. Kasema havina waya. Nimemwambia asijali, nyaya ninazo tele nyumbani.