Kopo kwenye Migomba ya Bibi Tusekile

Jumamosi, 5 Juni 2004

Sadick kanishinda tena. Kopo la karibu na Daraja la Mungu nimelikuta limeshasainiwa. Jina lake liko juu kabisa, kwa mwandiko wa madaha. Langu likafuata chini, limelowa umande.

Nieleze, maana mke wangu Tulia anasema mtu mzima hawezi kuuelewa mchezo huu. Mtu wa chama chetu anaficha kopo lenye daftari dogo na vijizawadi. Mwalimu Jairo, mwenyekiti wetu, anatangaza namba za mahali lilipo, na sisi tunalitafuta kwa mashine ndogo inayosoma setilaiti. Ukilipata unasaini, unachukua kitu kimoja, unaacha kingine cha thamani ileile, unalirudisha lilivyokuwa, na unahakikisha mpita njia hajakuona. Mashine ziko mbili, waliziacha walimu wa kujitolea waliorudi kwao. Moja iko kwangu. Nyingine iko kwa Sadick, ati kwa kuwa ni fundi redio.

Leo nilichukua kalamu ya rangi mbili, nikaacha kifungo. Ni kifungo kizuri.

Julai wanakuja wageni wawili kutoka Ulaya, wachezaji wa mchezo huuhuu. Jairo ametangaza kwamba atakayekuwa amewahi makopo mengi ndiye atawatembeza. Sadick ananizidi kopo moja. Yaani mtu ambaye babu yake alikuja na cherehani kutoka Kilwa ndiye awaonyeshe wageni Rungwe. Naye kazaliwa hapahapa Ibighi, sawa. Lakini.

Jumapili, 6 Juni

Mahubiri yalihusu subira. Katikati yake nikapata wazo.

Hakuna kanuni inayosema lazima tumjue aliyeficha kopo. Akitokea mtu wa mbali, tuseme wa Kyela, akaficha kopo huku kwetu, mtu wa kwanza kulipata atahesabiwa kama kawaida. Na mtu wa Kyela anaweza kuwa mimi.

Jikoni kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, Tulia anawekea vifungo. Nimelichukua pamoja na vifungo vyenyewe, viwe zawadi. Nimeongeza kitana kilichong'oka meno na uzi mwekundu.

Jumanne, 8 Juni

Nimekwenda Kyimo. Nimechagua migomba ya Bibi Tusekile, ni minene na iko karibu na barabara. Kanuni inasema umwombe kwanza mwenye shamba. Lakini ukimwomba atajua, na akijua atasema. Nikalisukuma kopo chini ya majani makavu.

Nikaona ni upuuzi kurudi kesho kuja kusaini. Nikasaini palepale: Ezron Mwaipopo, wa Kwanza. Lilivyokaa kwenye karatasi nikaona linafanana na jina la mfalme.

Kisha nikapita mkahawa wa intaneti. Dada wa pale akanifungulia anwani mpya ya barua pepe, nikamtumia Jairo namba kwa jina la Mpenda Milima wa Kyela.

Jumatano, 9 Juni

Jairo alitangaza kopo jipya mchana. Nikamwambia nimeshalipata. Akaniangalia kwa juu ya miwani, akauliza nimelipata lini, chai yake ilikuwa haijapoa. Nikasema mimi nina miguu.

Sadick amenipongeza. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaninunulia kahawa na kashata. Nilitegemea anune. Mtu asiponuna ushindi unakosa chumvi.

Ila aliuliza kama nilimsalimu Bibi Tusekile, maana yeye aliwahi kumwomba nafasi kwenye migomba ileile akakataliwa. Nikasema bibi alinipokea vizuri sana. 

Ijumaa, 11 Juni

Mambo yameharibika.

Asubuhi mteja alikuja dukani kwangu kununua vocha ya simu, akanipa habari za Kyimo bila kuulizwa. Nguruwe wa Bibi Tusekile amefukua kopo la uchawi. Ndani kuna vifungo, uzi mwekundu, kitana cha mtu, na karatasi yenye jina moja. Na ndama wa bibi ana siku kadhaa anakataa kunyonya. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ambilikile, ameitisha kikao kesho.

Nikauliza ni jina gani. Akasema Ezron.

Nikasema akina Ezron wako wengi. Akasema huyu ameandika na la ukoo, na amejiita wa Kwanza, kwa hiyo wanaamini wenzake wanafuata. Akachukua vocha yake, akaondoka bila kugeuka.

Nimefunga duka mapema. Watu wamewahi kuhamishwa kijiji kwa vitu vidogo kuliko kopo. Tulia kaniuliza nina nini, nikasema tumbo. Halafu akauliza kama nimeona kopo lake la vifungo. Nikasema tumbo linauma sana.

Jumamosi, 12 Juni

Niko nyumbani kwangu, nashukuru.

Kikao kilikuwa uani kwa Mzee Ambilikile. Kopo liliwekwa juu ya kigoda, hakuna aliyekaa karibu nalo. Tulia alikuja nami, alisema mume wake hawezi kuitwa mchawi yeye akiwa anapika. Sadick naye alikuwepo na mashine yake, alikuja kunitetea kwa kuueleza mchezo. Hilo nililijua baadaye.

Mzee Ambilikile akauliza kama jina lile ni langu. Nikasema ni langu, lakini mimi nililikuta tu.

"Nani aliliweka?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Ningeweza hata kusema Mpenda Milima. Mdomo wangu ukasema, "Sadick."

  Sadick alinitazama kama mtu aliyekanyagwa na rafiki yake na anasubiri rafiki atoe mguu.

Bibi Tusekile ndiye aliyesimama, akiegemea fimbo yake.

"Huyu? Huyu alikuja kwangu, akavua viatu mlangoni, akaomba nafasi ya kopo lake. Nikamkatalia, akashukuru kwa lugha yetu, ndaga, akaenda zake. Mtu wa namna hiyo hawezi kurudi kuficha kitu kwangu kama mwizi."

Watu wakanigeukia. Mmoja nyuma akasema nipelekwe kwa mchungaji, mwingine akasema mchungaji ni mbali. Ndipo Tulia akasogea mbele, akapiga goti kidogo.

"Shikamooni wazazi wangu. Hilo kopo ni la jikoni kwangu. Na hivyo ni vifungo vya gauni ninalomshonea Mama Esnath, nimevitafuta wiki nzima. Kitana ni cha mume wangu, kilimng'okea kichwani mwaka jana. Kama huo ni uchawi, basi karoga gauni la watu."

Alianza kucheka Bibi Tusekile, wengine wakafuata. Mimi nikaeleza yote, mpaka habari ya Kyela. Sadick akaeleza mchezo, akawapa wazee mashine waishike. Mzee Ambilikile akauliza kama inaweza kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Sadick akasema inaweza, mradi ng'ombe aseme yuko wapi.

Hukumu: nipalilie migomba yote ya Bibi Tusekile. Ndama kumbe alikuwa na kidonda mdomoni. Jairo amelifuta kopo langu na kuniambia nisiguse mashine mwezi mzima.

Nilimfuata Sadick barabarani kumwomba radhi. Akasema, "Yameisha, kaka. Lakini ungesema tu kwamba unataka kuwatembeza wale wageni. Tungekwenda wote."  Ni bora angenitukana.

 Tulipofika nyumbani Tulia akauliza vifungo vya bluu viko wapi. Viko kwenye makopo ya watu, Rungwe nzima.

Jumatatu, 14 Juni

Migomba ya Bibi Tusekile haina mwisho. Ukiitazama kutoka barabarani huwezi kujua.

Mchana aliniletea ndizi za kupika na maziwa mgando, akakaa kwenye gogo akinihoji kuhusu mchezo. Anataka kujua kwa nini mtu afiche kitu halafu afurahi kikipatikana. Nikamwambia hata mimi sijui vizuri. Akasema mimi ni mtoto mzuri, nimekosa akili tu.

Jioni alikuja Sadick, akavua viatu. Bibi amemkubalia sasa afiche kopo, mradi bibi mwenyewe aruhusiwe kulitafuta pamoja na wengine. Kopo litatangazwa Jumamosi. Wakaniomba nigeuke wakati analificha. Niligeuka. Niandike hilo waziwazi, niligeuka kabisa, nikafumba na macho. Sadick akanipiga begani, akasema ananiamini. Nikajisikia mtu mpya.

Alhamisi, 17 Juni

Mimi ni mtu mpya kweli. Sikutafuta chochote. Nilikuwa napalilia, kama nilivyohukumiwa, jembe likagonga jiwe lililolegea, na nyuma ya jiwe kopo likawa linanitazama. Hilo si kosa la mtu.

Nilikaa juu ya gogo nikatafakari. Kusaini leo ni udanganyifu, kopo halijatangazwa. Kutosaini ni kumwachia Sadick awatembeze wageni. Nikaona njia ya katikati, ya haki kwa wote: nimesaini, lakini nimeandika tarehe ya Jumamosi. Kwa hiyo leo sijasaini. Nimechukua filimbi, nikaacha kifungo, nikarudisha jiwe lilivyokuwa.

Na safari hii nimefikiri mbele. Wasije wakanishuku kwamba nimewahi mno. Jumamosi nitakuja nimechelewa, baada ya wote kufika, niwakute wamelizunguka kopo na wameshafungua daftari. Nitasimama nyuma kabisa, niheme kama mtu aliyetoka mbali, na kuuliza kwa upole ni nani amekuwa wa kwanza.