Injinia na Mfumo Mpya

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Bilan ameanza kunichokoza. Msichana huyu ana wiki tatu tu katika ofisi hii ya ushirika wa kahawa hapa Kangundo. Leo, mbele ya meneja wetu, Madam Mutanu, amesema Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, inafika mwisho wiki ijayo, kwa hivyo tuhamie mfumo mpya. Madam akanigeukia kuuliza kama ni lazima. Miaka kumi na moja mimi ndiye Injinia wa ofisi. Hata askari wa geti ananiita hivyo. Nikasema si lazima. Kompyuta inawaka, inachapa, inazima. Ukweli: huo mfumo mpya siujui hata kidogo. Ukiingia, nimekwisha.

Jumanne, 7 Oktoba
Bilan amefafanua, kwa upole unaokera. Kompyuta zitaendelea kuwaka, ila hazitapata tena marekebisho ya usalama, na humo mna nambari za benki za wakulima mia nne. Madam amekubaliana naye. Upesi nikasema basi kazi hiyo ni yangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimejifungia na kompyuta ya Madam tangu saa sita. Kila nikikaribia kubonyeza, naona wakulima mia nne wakifutika. Saa nane, wazo. Nimetafuta picha ya mfumo mpya kwa simu, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikaitandaza kwenye skrini yote, nikauficha ule mstari wa vitufe wa chini wa zamani. Safi kabisa. Mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Madam amesifu rangi. Akabonyeza katikati. Kimya. Akabonyeza tena. Nikamweleza kwamba mfumo mpya huchukua muda kuzoea mkono wa mtu. Akashusha mshale chini kabisa, na ule mstari wa zamani ukachomoza wenyewe. Bilan akaangalia nje. Madam akavua miwani, akaniuliza taratibu, "Ndambuki, hii ni kompyuta ama ni kalenda?"
Nikaenda kupanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bilan amemaliza kompyuta zote kabla ya saa kumi. Zote isipokuwa yangu. Ni nzee mno, haiwezi kupokea mfumo mpya. Madam ameniagiza niketi karibu na Bilan nikiwa na daftari. Msichana amenifundisha bila kucheka, na bado ananiita Injinia. Hilo ndilo limeniuma.

Jumatano, 15 Oktoba
Mbinya wa kliniki ya jirani ameingia kuulizia mtu wa kufunga kamera za usalama. Nikasikia mdomo wangu ukisema nimefunga nyingi, hata kule Athi River. Naanza Jumamosi. Wakati wa chai nimemuuliza Bilan, kama mwalimu anayempima mwanafunzi, kamera moja huhitaji waya ngapi. Akafikiri kidogo, akasema inategemea.
Nimeandika kwenye daftari: inategemea. Hiyo inatosha.