Ree Nne Mkononi

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji amepita kibandani nikigonga soli. Amesema Jumamosi wanacheza poka kama kawaida, na kiti cha dada yake, marehemu mke wangu, bado kiko wazi. Jirani yetu mhasibu, yule tunayemwita Kikokotoo, ameanza kukitupia jicho. Je, nitakuja mimi? Nimejibu upesi kwamba poka ndio mchezo wangu. Akasema afadhali, maana siku hizi hawachezi ile ya kawaida. Kila anayegawa anachagua aina yake. Nimeitikia kwa kichwa kama mtu anayezijua zote.

Naijua moja tu. Alinifundisha marehemu, siku ya mvua, akinishinda kila mara na kuniomba radhi.

Kiti lazima kibaki kwetu. Akikikalia mwingine, itakuwa kana kwamba hakuwahi kuwepo.

Jumanne, 4 Juni
Kutafuta elimu. Nimetazama video ya kijana anayefundisha aina iitwayo Omaha. Anaongea kama anakimbizwa na nyuki. Nimeambulia kujua miwani yake ni mipya, basi. Nikaenda kwa muuza vitabu vya mitumba. Anacho kitabu kinene cha karata, ila sura ya poka imenyofolewa. Amesema hakuna anayeiba kisichofaa, kwa hiyo kitabu ni kizuri. Nimekinunua.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata mchezo wa kwenye simu. Nimeshinda asubuhi nzima, kifua mbele, hadi nilipogundua nimeuweka ngazi ya watoto. Mchana nikafanya mazoezi kwa karata zenyewe, juu ya meza ya kazi. Jioni mteja amerudi amenuna. Malkia wa kopa amegandia chini ya kiatu chake. Gundi yangu haina mpinzani.

Alhamisi, 6 Juni
Mbinu mpya: kumchimba adui. Nimemwambia Kikokotoo kuna mpwa wangu anataka kujifunza Omaha. Maskini, amefurahi. Ameeleza polepole: karata nne mkononi, tano za wote mezani, unatumia mbili za mkononi na tatu za mezani, si zaidi, si pungufu. Akashauri mpwa ashike aina moja kwanza, agawe karata wazi, acheze mikono yote peke yake, kisha aje kuuliza.

Ameeleza vizuri mno. Hapo ndipo nilipomshuku. Adui hakupi panga lenye makali. Nimeyafuta yote kichwani.

Jumamosi, 8 Juni
Kinyozi wa mtaani, mwenzao wa mezani, amegawa. Omaha! Tunachezea vifungo vya nguo, vya kopo la marehemu. Nimeinua karata zangu: ree. Ree. Ree. Ree. Karata kubwa kuliko zote, na zote nne ninazo mimi. Nimesukuma vifungo vyangu vyote katikati, nikazilaza ree mezani kwa madaha.



Kikokotoo amesema taratibu, "Kaka, za mkononi ni mbili tu."

Basi ree nne zangu ni ree mbili, na zile nyingine zimekaa bure kama wageni wasioalikwa. Yeye, kwa kuunganisha na za mezani, alikuwa na tano tatu, na tatu huzishinda mbili. Amevikusanya vifungo bila raha.

Nimesimama. Nimesema kiti akichukue Kikokotoo, nashukuru.

Shemeji akanishika mkono. "Kaa chini, shemeji. Kwani dada alikuwa anazijua?"

Kumbe kati ya hizo aina mpya hakujua hata moja. Kila Jumamosi aliuliza ipi inaishinda ipi, na kila Jumamosi walimweleza upya. Kikokotoo naye akasema hakukitaka kiti, chake anacho. Alitaka tu kiwe na mtu, maana kukitazama kitupu kulikuwa kunawatoa hamu ya kucheza.

Nimekaa. Mabega yameshuka kama nimetua gunia. Nimecheka hadi machozi, ingawa mengine hayakuwa ya kicheko.

Jumapili, 9 Juni
Nimelala usingizi wa pono. Kikokotoo amejitolea kunifundisha aina moja kila wiki. Nimemshukuru, nikamwambia asijisumbue. Nina mpango bora. Jumamosi ijayo ni zamu yangu kugawa. Nitachagua aina niliyoitunga mwenyewe, isiyomo kitabuni wala kwenye video. Hapo hakuna atakayenizidi.

Nimeitunga tangu asubuhi. Jioni nimeijaribu, peke yangu mezani.

Nimeshindwa.