Jinsi Régis Alivyokishinda Kichujio cha Nta

Tegeni masikio, enyi watu wa Gatsata, nanyi wa mbali hadi Ndera. Mwenye chungu jikoni na apunguze moto, kwani habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Nasimulia vita vya Régis mwana wa Kubwimana, simba wa hesabu za ofisini, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kufungua hata bomba la sinki. Régis huyo ni mimi, ndiyo maana sifa zimezidi kidogo.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi Takatifu. Katika karakana ya Mama Béatha, malkia wa mishumaa, aliyemzaa mke wangu Ariane, nta ya moto ilikwama njiani. Kichujio kilikuwa kimeziba, na ile nta kidogo iliyopenya ilijaa chembe nyeusi. Parokia ilikwisha kumrudishia mishumaa kwa sababu ya chembe hizo. Jioni hiyo ulikuwa Mkesha wa Pasaka, na ikirudisha tena, ingenunua kwingine siku zote. Fundi alikuwa amekwenda kwao kwa sikukuu. Mama Béatha, aliyeanza kazi hii kwa sufuria moja aliporudi kutoka Bujumbura, alikaa na rozari mkononi.

Ndipo shujaa akainuka, pasipo kuombwa na mtu. Na kwa kuwa mababu zetu hawakwenda vitani bila kujivuga, yaani kutamba sifa zao mbele ya watu, nikainua spana juu nikasema:

"Mimi ndiye Asiyekimbia-Mvuke, mjukuu wa Walioshika-Upinde. Nikiigusa nati, nati hutii. Nikiitazama nta, nta hujitakasa kwa woga."

Nikaendelea hivyo beti nyingi, hata Ariane akanikumbusha kwa upole kwamba nta inapoa bombani.

Nikaivamia ngome. Nikafungua kifuniko, nikaling'oa lile gogo la zamani la nyuzi linalochuja nta, jeusi tii, kwa mikono mitupu, maana glavu ni za waoga. Nyuzi za kioo zikanichoma vidole kwa mikuki isiyoonekana. Nikajikuna shingo, na kwa kosa hilo vita vikahamia shingoni. Kisha nikatwaa gogo jipya, uzi mweupe wa kioo uliosokotwa kuzunguka bomba la chuma lenye matundu, kwani uzi wa plastiki hulegea katika nta ya moto. Nikalisimika, nikakaza, nikatangaza ushindi, nikaamuru pampu iwashwe.

Pampu ikanguruma. Halikutoka hata tone.

Mama Béatha akachungulia sakafuni, kisha akaniuliza taratibu, "Mukwe wangu, ile nailoni iliyofunika gogo jipya iko wapi? Mimi siioni hapa chini."

Nikamjibu kwa hotuba ndefu, kwamba askari mpya havuliwi nguo mbele ya adui. Maana yake ilikuwa kwamba sikuivua.

Pampu ikazimwa. Safari hii sikutamba. Nilivaa glavu, nikafungua tena, nta ikanidondokea kwenye kiatu cha Pasaka, nikaibandua ile nailoni iliyonywea kama utando wa maziwa, huku Ariane akipasha bomba kwa matambara ya moto na kujizuia asicheke. Niliogopa, nasema wazi. Mishumaa yote ya mama huyu ilikuwa mikononi mwa karani anayejikuna.

Pampu ikakohoa. Likaja tone, kisha uzi mwembamba, kisha nta ikamiminika. Mama Béatha akakinga kikombe cha kioo, akakipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku akitafuta chembe, nasi tukasimama nyuma yake bila kupumua.

"Iko safi," akasema. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Iko safi, mwanangu."

Basi wanaohifadhi habari za vita na wahifadhi na hii: kwamba huko Gatsata, Régis mwana wa Kubwimana alikifunga kichujio mara mbili, na mara ya pili alinyamaza.