Hotuba ya Kuipokea Mashini ya Kunusa Mazuku

Mheshimiwa Muwakilishi wa Muwakilishi wa Gavana, ambaye hakufika lakini ametutumia kofia yake. Bwana Shefu wa kartie yetu, mutaa wa Katoyi, pamoja na mabibi zake wawili wanaokalia viti vya wageni watano. Wapendwa mapadri, wachungaji, na yule papa wa maombi ya usiku anayetunyima usingizi. Bwana Komanda wa polisi mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukata nyama. Wamama wa soko, vijana wanaosukuma mizigo kwa chukudu za mbao, wanafunzi waliofukuzwa na wale watakaofukuzwa kesho. Na nyinyi raia wa kawaida, ambao bila nyinyi ningekuwa ninahutubia mabenchi: niko mbele yenu mimi, Havugimana Théogène, Directeur Provisoire wa Laboratoire ya Gesi, mutu aliyesoma sekondari, ile humanités, mpaka mwaka wa ine, na ule wa tano akauona kwa dirisha, lakini muone leo ni nani ameshika mikro! (Makofi. Mikro inapiga filimbi.)

Wapendwa, kama munavyojua, na asiyejua aulize mbuzi wake, tangu lava ya volkano ya mwaka wa elfu mbili na mbili ipite katika muji wetu, ardhi ya hapa inapumua, na pumzi yake tunaiita mazuku, hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayolala kwenye mashimo kama mulevi, na kila anayeiinamia analala naye asiamke. Kwa hiyo Serikali, kupitia akili yangu, iliona umuhimu wa mashini ya kisasa, hii munayoona sanduku lake mbele yenu, inayoitwa chromatographe, neno ambalo nimejifunza kulitamka kwa mwezi muzima na bibi yangu ni shahidi. (Kicheko.) Inafanya nini? Inafanya kama Petite Barrière pale mpakani. Gesi zote zinaingia pamoja kwa kusukumana, zinapita kwenye murija murefu mwembamba, ya mbio inatangulia, yenye muzigo inachelewa, na mwishoni kuna askari mumoja anayeuliza kila moja: wewe ni nani, na muko wangapi? Askari huyo anaitwa detector. Mumushike huyo, tutamurudilia.

Mutauliza, ile mashini ya zamani iko wapi? Msimame kwa heshima. Iko porini. Mwaka jana waasi walipoingia muji, komanda wao alisimama mbele yake akauliza, "Hii ni kitu gani?" Mutu mwenye akili angejibu kwamba ni frigo mbovu. Lakini mimi, ju ya kupenda kuonekana, nilijibu, "Mon commandant, ndani yake kuna furu yenye moto unaopanda mpaka digrii mia tatu!" Wakaibeba kwenda kuchoma mikate. (Kicheko kirefu. Komanda wa polisi anafunika uso na ile kofia ya Muwakilishi.) Nasikia mpaka leo wanangojea mikate iive.

Ndipo tukaunda Sous-commission ya Kuchagua, na juu yake Commission ya Kusimamia Sous-commission, zote mbili prezida wao akiwa mimi, ili pasiwe na ugomvi. Tulikaa vikao vya kiteknike pale kando ya ziwa, mbele ya samaki wadogo wa sambaza na chupa baridi, na nawahakikishia kwamba asilimia mia na kumi ya wajumbe walihudhuria, maana kila mumoja alileta shemeji. Murija, tuliambiwa mita makumi tatu zinatosha. Tukachagua makumi sita, ili Bukavu wasituzarau. Gesi ya kuisukuma sampuli, fundi alipendekeza helium. Bwana Constant wa protocole akapinga, akasema helium ni ya baluni za ndoa na sisi ni watu wa kazi. Tukafika kwa detector. Katalogi ilikuwa na mbili: moja ya waya wa moto, moja ya muale wa moto. Wapendwa, mutu wa Goma utamuambia nini juu ya muale? Sisi tuliona lava ikipita barabarani bila kulipa kodi! Tukachagua muale, mikono yote juu, na ya mashemeji. (Vigelegele. Kisha sauti ya mwanamuke kutoka nyuma: "Papa Directeur, hiyo ya muale itaiona mazuku ao haitaiona?")

Naona ni Mama Nyiramahirwe, jirani yetu, ambaye nyumba yake iko pembeni ya lile shimo lililoua mbuzi zake. Karibu, mama. Swali lako ni la kiteknike, litajibiwa kwa wakati. ("Wakati ni gani? Binti yangu Uwitonze amezaa, anatoka maternité Jumamosi. Mutoto nitamulaza wapi? Kile chumba cha nyuma kiko chini, na kibatari kinazimika chenyewe.") Mama, mutoto ni taifa la kesho... ("Itaiona ao haitaiona?")

Basi. Ju uko unanikazia macho kama mama yangu, nitasema. Ile katalogi nilipiga kura kwenye ukurasa wa saba, na ukurasa wa nane niliufungua nyumbani. Umeandikwa kwamba muale unaona gesi zinazowaka, kama ile methane ya ziwa. Mazuku haiwaki. Itapita mbele ya muale kama mheshimiwa anavyopita mbele ya watu waliomuchagua. (Mutu mumoja anakohoa.) Lakini hatukukata tamaa! Kubadilisha detector kungehitaji kikao kingine, na sambaza zilikuwa zimeisha. Kwa hiyo tulibadilisha lengo. Kuanzia leo laboratoire yetu itapima kwa ustadi mukubwa kile ambacho hakituui!

("Fungua sanduku!" Watu wote: "Fungua! Fungua!")

Taratibu, wapendwa! Sanduku hili haliwezi kufunguliwa, lina vumbi la... lina hali ya... Semeni pamoja nami: Sayansi, juu! (Watu: "Fungua!") Katoyi, juu zaidi! (Watu: "Fungua!")

Sawa. Kwa kumaliza, nashukuru. Namushukuru Cyprien wa chukudu, aliyelileta sanduku hili kupitia mawe yote ya lava akisukuma kwa mukono mumoja, huku wa pili ukishika muhindi wa kuchoma, na hamukujiuliza uzito uko wapi. Nawashukuru wajumbe, tuliochagua kila kitu isipokuwa siku ya kuagiza. Nalishukuru sanduku lenyewe, ambalo lilikuwa la frigo ya shemeji yangu, kwa kuvumilia kupigiwa makofi likiwa tupu.

Na wewe, Mama Nyiramahirwe, usimulaze mutoto kule. Nakataza, na hii ndiyo amri yangu ya kwanza yenye maana. Laboratoire iko juu ya kilima, bati ni mupya, hewa ni nzuri, na nafasi ni kubwa kabisa, maana ndani hamna kitu. Funguo hii hapa. Beba na sanduku, mbao zake ni imara, litakuwa kitanda cha mujukuu. Ila nakuomba, mama: wageni wa Serikali wakija kutembelea, umufinye kidogo alie, waseme mashini iko inafanya kazi.