Milango Yangu na Siku Zenu Kumi na Sita

Dada Katibu wa Kamati ya Kupinga Ukatili dhidi ya Wanawake,

Salamu kwako na kwa wenzako wa dunia nzima, maana naambiwa mko kila nchi. Mimi ni seremala, karakana yangu iko nyuma ya zahanati. Nilianza na msumeno wa kuazima, leo nina mafundi watatu. Naandika kwa heshima, lakini nimeumia.

1. Kampeni yenu ilikuwa ya siku kumi na sita kwa mwaka. Hatukugombana. Mlivaa fulana, mkaandamana, mkaenda zenu, sisi tukabaki na siku 349. Sasa mmewagawia majirani filimbi za kupuliza wakisikia mke anapigwa, zinapulizwa hata mwezi wa tatu. Huo si uungwana.

2. Mlango wa chumbani huvunjwa kwa teke, chini kidogo ya kitasa. Nilikuwa natengeneza tisa kwa mwezi. Kuna bwana mmoja wa kiatu namba arobaini na tatu, namtambua kwa alama ya soli. Mwezi uliopita nimepata miwili, na mmoja ulikuwa wa mchwa.

3. Mnawafundisha wanawake kudai komeo la ndani. Komeo nikishalifunga mimi, mlango haurudi tena karakanani. Mnataka nife njaa kwa ubora wangu?

4. Hili ndilo limenichosha. Mmewaambia mafundi waulize sababu mtu akiagiza komeo la nje kwenye chumba cha kulala. Fundi na maswali wapi na wapi? Majuzi mkwe wangu aliagiza, akasema, "Baba, ni upepo tu, unaubamiza." Nikamfungia la chuma lenye tundu la kufuli, skrubu nane badala ya nne. Mkwe ni mkwe.

Kwa hiyo naomba mrudi kwenye siku zenu kumi na sita, na filimbi zikusanywe.

Nisalimie wanakamati wote, hata yule shangazi wa kipaza sauti aliyeniita "fundi wa mateke" mbele za watu.

Ni mimi, niheshimuye kazi ya kila mtu,
Fundi Milango

N.B. Nikiileta barua hii nimepitia kwa binti yangu. Mumewe hayupo. Nimebisha hodi, akaniitikia kutoka chumbani: "Baba, siwezi kufungua. Komeo liko huko kwako." Lina kufuli. Nimeuvunja mlango kwa teke, chini kidogo ya kitasa. Umechukua mateke kumi na moja.

Yuko hapa karakanani, amekaa kwenye benchi la randa. Futa namba moja hadi nne. Niletee filimbi nne, yangu na za mafundi. Huu ni mwezi wa tano, Dada, usingoje siku zenu.