Mteja wa Kwanza wa Yaya Kapinga

Jumatatu, 9 Septemba
Hatari nyumbani! Dada yangu mkubwa, Yaya Kapinga, ameanguka mtihani wa kusikiliza mteja. Anasomea ustawi wa jamii. Huko mteja ni mtu mwenye shida. Profesa anasema Yaya anatoa shauri hata mtu hajakaa vizuri. Sasa kosa lake ni nini? Ni mzaliwa wa kwanza! Tangu nizaliwe kazi yake ni kutuamuru. Akianguka tena Ijumaa, chuo kinamtoa, na Baba anamtuma huko Kasomeno akauze sabuni dukani kwa shangazi. Nitamwokoa. Kitabu chake cha mbinu nimekisoma chote. Kesho mimi ni mteja.

Jumanne, 10 Septemba
Nilijifanya mwanaume aliyefiwa na mke, mwenye watoto saba. Yaya aliuliza kama wa kwanza nilimzaa nikiwa darasa la pili. Akanishauri nioe tena, kisha nikafue soksi zangu. Graciella, anayesoma naye, alicheka mpaka karanga zikamruka mdomoni. Karanga zangu! Sasa ananiita Papa wa batoto saba. Simpendi hata kidogo. Ana macho mazuri, lakini hilo halihusiani.

Jumatano, 11 Septemba
Mpango mpya: shida ya kweli. Kwamba shuleni sina rafiki, na wakati wa mapumziko najificha darasani. Hotuba nimeikariri. Nikakaa. Graciella akaingia. Ulimi ukakauka! Yaya akafoka, "Sema basi, weye mutoto!" Graciella akamkanya: mteja hasukumwi. Yaya akajiuma mdomo. Mboga ya sombe ikaungua jikoni, hakuna aliyeinuka. Mwisho nikatoa neno moja: "Mapumziko." Yaya hakushauri kitu. Alisogeza kiti chake karibu na changu. Nikalia! Mbele ya macho yale! Hotuba yote imepotea bure.

Ijumaa, 13 Septemba
Amepita! Walimpa mama asiyetaka kusema. Yaya akangoja, akangoja, mpaka mama akaanza mwenyewe. Graciella kimya kilimshinda, akatania. Ameanguka, atarudia mwezi ujao. Yaya alinikumbatia, akasema mimi ndiye niliyemfundisha kungoja. Anakosea, maskini. Ni wale watoto saba waliomkomaza. Ananiambia kwamba Graciella naye anahitaji mtu wa kukaa naye tu, bila maneno.
Bila maneno! Atajifunza nini?
Kesho nakwenda kwao, mtaa wa Naviundu. Nitakuwa askari mstaafu mwenye kisukari. Fimbo nimekwisha kuazima.